Gari Bovu Lisilotembea

Siku gari jeupe la mjane lilipoingia mahali pa kuoshea magari, Sikio alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwangoja wajinga. Hakuwa na haraka. Kwa uzoefu wake wajinga huja wenyewe, tena wameoga na kuchana nywele, na wakifika husalimia kwanza.

Gari lilikuwa la zamani, refu, lenye pua ndefu na mstari wa chuma kinachong'aa ubavuni, na lilikuwa limetunzwa na mtu aliyelipenda. Waoshaji waliacha kazi wakalitazama. Mmoja alisifu taa, mwingine alisifu viti. Sikio alitazama nyuma upande wa kulia, akaona kifuniko cha tangi la mafuta: kipo nje, hakina kufuli, cha kuzungusha kwa mkono. Hapo ndipo moyo wake ulipofurahi.

Jina la Sikio alipewa kwa sababu ya kile kipimo cha daktari cha kusikilizia kifua, ambacho hakikumtoka shingoni. Kuna zahanati moja inakitafuta mpaka leo. Akiitwa kwenye gari linalosumbua, alikipachika masikioni, akaweka kile kisahani juu ya injini, akafumba macho na kuinua kidole ili watu wanyamaze. Nao walinyamaza, watu wazima wenye vyeo vyao na tai zao, wakasimama kimya mbele ya mtu anayepima mapigo ya chuma.

Ukweli ni kwamba Sikio hakujua magari. Kufungua na kufunga alijua, maana aliwahi kushika spana kwenye gereji moja kwa miaka miwili kabla vidole vyake havijasababisha afukuzwe. Lakini kujua gari linaumwa nini, hapana. Alijua ugonjwa mmoja tu duniani, na huo alikuwa akiuleta mwenyewe.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Tangi la gari la zamani linapumua kupitia tundu dogo kwenye kifuniko. Petroli ikitoka kwenda kwenye injini, hewa inaingia kushika nafasi yake. Ukiliziba hilo tundu, tangi linabanwa pumzi. Gari litakwenda vizuri kwa nusu saa, kisha litaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mwisho litazima katikati ya barabara. Ukiliacha kidogo, hewa itapenya polepole na gari litawaka tena, lisionyeshe dalili yoyote. Sikio alikuwa na mfuko wa vifuniko vya kila aina, na tundu la kila kimoja alikuwa amelijaza sabuni ya kufulia, kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote. Ungeuandika nyuma ya tikiti ya basi na nafasi ikabaki.

Na waliokuwa wakinaswa, tuseme kweli, hawakustahili machozi ya mtu. Kulikuwa na mwenye duka la dawa, bingwa wa kuuza maji yenye rangi kama dawa ya kikohozi. Huyo alimwuzia Sikio gari lake kwa bei ya baiskeli, halafu akaenda nyumbani kujisifu kwamba amemtwisha mtu gari bovu. Kulikuwa na mwalimu mkuu aliyebadilisha pampu, filta na plagi, akabadilisha na mafundi watatu, akawahutubia wote kuhusu nidhamu ya kazi, na siku zote hizo hakugusa kifuniko. Wenye magari wote huabudu boneti. Kikitokea chochote wanaifungua, wanaikunjia injini uso, wanaifunga. Kule nyuma tangi linakata roho na hakuna anayeligeukia.

Lakini gari jeupe halikuwa la kuuza kwa yeyote tu. Katika mji ule kulikuwa na mtu aliyeitwa Bwana Shangwe, mkodishaji wa magari ya harusi, mwenye tumbo kubwa na huruma ndogo. Bwana Shangwe alikuwa na magari sita mapya na alichoka nayo, kwa sababu siku hizi maharusi walitaka kupigwa picha ndani ya gari la zamani jeupe. Alikuwa amemwambia Sikio wazi: "Niletee gari la namna hiyo, linalotembea bila kutingisha watu, nami nitakupa kile chumba cha mbele kwenye yadi yangu. Utaandika jina lako juu ya mlango. Utakuwa fundi wangu, na magari yote yatapita mkononi mwako."

Hapo ndipo penye udhaifu wa Sikio. Miaka sita alikuwa akiishi na kufanya kazi ndani ya pikapu yake, blanketi nyuma ya kiti na mswaki kwenye kisanduku cha dashibodi. Alitaka mlango. Alitaka mlango wenye jina lake kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, na usiku alikuwa akiliandika hilo jina hewani kwa kidole, akibadilisha ukubwa wa herufi. Hata tapeli huota, na ndoto zake hazina haya kuliko za wengine.

Basi waoshaji walipokuwa wakisugua pua ya gari jeupe, Sikio alizunguka nyuma, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na aliposimama kifuniko halali kilikuwa mfukoni mwake na cha sabuni kilikuwa kwenye tangi. Mwenye gari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekaa kwenye benchi akila karanga. Hakugeuka. Sikio alimpima kwa jicho moja akamwandika kichwani mwake: mjane, mpole, hajui kitu.

Alimfuata kwa mbali na pikapu. Nusu saa haikuisha. Gari jeupe lilianza kuvuta na kuachia kwenye barabara ya soko, likajikokota hadi pembeni, likazima. Sikio alisubiri dakika tano, kwa adabu, kisha akasimamisha pikapu mbele yake.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Limezima. Lilikuwa linavuta linaachia, linavuta linaachia, kama mtu anayebadili mawazo njiani."

"Usiguse kitu. Umempata fundi mwenyewe."

Alifungua boneti, akapachika kipimo masikioni, akafumba macho, akainua kidole. Mjane alinyamaza vizuri kabisa. Sikio alisikiliza injini iliyozima kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika, kisha akashusha pumzi ya daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, nikuambie ukweli au nikufariji?"

"Nipe vyote viwili, kama unavyo."

"Mfumo wa mafuta umechoka. Wote. Tangi lina kutu, pampu haina nguvu, na kabureta imechanganyikiwa."

"Kabureta imechanganyikiwa," mjane alirudia taratibu. "Marehemu mume wangu alikuwa akisema hivyo kuhusu shemeji yake."

Sikio alizunguka nyuma "kuangalia tangi." Kila alipofungua kifuniko cha sabuni, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mlio huo ungemfichua, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kukohoa wakati uleule. Alifungua, akakohoa kwa nguvu, akafunga.

"Pole na kifua, mwanangu," mjane alisema. Alikuwa amesogea karibu kuliko Sikio alivyodhani.

"Moshi huu wa magari, mama. Kazi yetu inakula mapafu."

"Naona." Alivuta hewa puani mara mbili, kama mtu anayetaka kupiga chafya ikakataa. Kisha akaitazama pikapu ya Sikio, akaitazama tena, akaizunguka kidogo. "Na hii yako je? Inaenda vizuri?"

"Hii? Hii haijawahi kuniangusha hata siku moja. Injini yake ni kama ya kwako, kiwanda kimoja, lakini mimi naitunza."

"Hongera sana," mjane alisema, na kwa kweli alionekana amefurahi.

Gari likawaka, kama lilivyotarajiwa. Mjane alishukuru, akauliza kama alipeleke kwa yule fundi wa pale kona. Sikio alicheka kwa masikitiko. "Mama, ukimpelekea yule gari lenye pampu, utarudishiwa tundu la pampu." Mjane akasema basi, hatakwenda kwa mtu mwingine. Sikio aliondoka akipiga mluzi, na njia nzima alikuwa akichagua rangi ya mlango.

Katika siku saba zilizofuata aliitwa mara tatu, na mara tatu alilikuta gari limezima. Mara tatu alisikiliza, akakohoa, akatikisa kichwa. Mara ya tatu, ilikuwa Jumatatu, mjane alimkaribisha ndani kwa chai.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, safi, yenye cherehani dirishani. Juu ya cherehani kulikuwa na kifuniko cha tangi la gari kilichojaa pini. Chini ya mguu wa meza fupi kilikuwapo kingine, kuizuia isiyumbe. Na kupitia mlango wa nyuma, kwenye karo, kipande cha sabuni kilikuwa kimelala ndani ya cha tatu. Sikio aliviona vyote. Lakini macho ya tapeli yamefundishwa kuona kinachoweza kuchukuliwa, na nani atachukua kifuniko chenye pini? Akanywa chai.

"Gari hili ndilo linalonipeleka kwa wajukuu kila Jumapili," mjane alisema. "Sina kingine alichoniachia mume wangu. Lakini nimechoka kukwama. Wewe unashaurije?"

"Mama, mimi naona aibu hata kusema."

"Sema tu, uko nyumbani."

"Nitalichukua mimi. Kwa bei ndogo, maana ni chuma tu hiki. Nalichukua kwa kukuhurumia. Jumamosi nakuletea pesa, nawe unanipa ufunguo na kadi ya gari."

Bei aliyoitaja ilikuwa ya kumtukana mtu, na mjane aliipokea kwa kichwa kilichoinama. Sikio alitoa karatasi. Alikuwa mwangalifu siku zote kwenye karatasi, kwa sababu wauzaji wengine wakiona gari limepona huja kudai wameibiwa. Kwa hiyo aliandika kwa mwandiko wa kujipinda: *Mimi nitanunua kutoka kwa mama huyu gari bovu lisilotembea, kama lilivyo, na hakuna atakayemdai mwenzake baadaye.* Mwenye duka jirani aliitwa, akafuta mikono, akatia sahihi kama shahidi. Kisha Sikio akasoma kwa sauti, na sehemu ya "gari bovu lisilotembea" aliisoma mara mbili ili mjane aelewe anauza takataka.

"Nimeelewa," mjane alisema. "Nina ombi moja tu. Kabla hujalichukua, naomba litembee siku moja. Ijumaa nikawachukue wajukuu, walipande mara ya mwisho. Wakililia, walilie likiwa zima."

Ombi lenyewe lilimfaa Sikio kuliko mwenye kuomba. Bwana Shangwe alikuwa amesema atakuja kulijaribu gari siku ya Alhamisi, na likimtingisha hata kidogo, chumba kitapewa mwuza matairi. Sasa Sikio alikuwa na sababu ya kulifanya litembee hapohapo kwa mjane, na bado aonekane mtu wa huruma. Alihisi karibu na machozi kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakimwendea.

Jumatano asubuhi alifika na kifuniko halali mfukoni. Mjane alikuwa ndani akishona. Sikio akabadilisha kifuniko, akaingia garini, akawasha, akatulia asikie injini ya gari lake mwenyewe.

Injini ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena, bila mtu kugusa chochote, ikashuka mpaka karibu kuzima, ikapanda. Sikio alishuka akaangalia kifuniko. Kilikuwa kile halali, tundu wazi. Akakifungua: hakuna mlio. Akaendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na gari lilivuta na kuachia njia nzima, na kwenye kimwinuko kidogo kilichokuwa hapo lilitaka kulala.

Kwa mara ya kwanza tangu ajiite fundi, alikuwa na gari linaloumwa kweli mbele yake. Akapachika kipimo, akasikiliza, na alichosikia ni kelele. Aligusa plagi. Akapuliza filta. Akaipiga pampu kwa mpini wa bisibisi, kama mtu anayebisha hodi. Injini iliendelea kupanda na kushuka, ikimdharau waziwazi, na haki ilikuwa yake.

Mjane alitoka na uzi mdomoni. "Vipi, mwanangu? Hujalisikiliza?"

"Nimelisikiliza, mama. Ni... ni lile tatizo nililokuambia."

"Kabureta imechanganyikiwa."

"Na pampu."

"Ulisema tangu siku ile. Nikasema huyu kijana anajua." Mjane alitoa uzi mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano. "Marehemu alikuwa akisema injini hii na zile za pikapu kama yako zimetoka tumbo moja. Lakini mimi nitajua nini, mwanamke wa cherehani."

Akarudi ndani. Sikio akabaki akiitazama pikapu yake, iliyokuwa imeegeshwa kivulini na kabureta safi na pampu isiyo na mwaka. Polepole wazo likamjia, na kwa kuwa lilikuwa zuri aliamini limetoka kichwani mwake. Gari jeupe lingekuwa lake Jumamosi. Vipuri akivihamisha leo, anavihamisha kutoka mfuko wake wa kushoto kwenda wa kulia. Pikapu itapata vile vya zamani, itajikongoja siku tatu, na akishapata chumba ataitafutia vingine kwa nafasi.

Kufungua na kufunga alijua. Adhuhuri ilipofika, gari jeupe lilikuwa likinguruma kwa upole hata glasi ya maji juu ya boneti haikutikisika. Pikapu nayo iliwaka baada ya kubembelezwa, ikaanza kupanda na kushuka, na Sikio akaiambia ivumilie.

"Na vipuri vyako nitakulipaje?" mjane aliuliza.

"Ni zawadi, mama. Yako na wajukuu." Zawadi ambayo utajirudishia mwenyewe baada ya siku tatu ni rahisi kuitoa, na Sikio aliitoa kwa mkono juu ya kifua.

"Basi iandike kwenye ile karatasi, baba. Wajukuu wasije wakadhani nimekuibia."

Sikio alicheka, akaandika chini ya maneno ya mwanzo: *Kabureta na pampu nimempa mama huyu bure kwa moyo wangu.* Akaongeza mstari chini yake kwa madoido. Mwenye duka akaitwa tena, akatia sahihi tena, akauliza kama kuna jingine maana alikuwa na wateja.

Alhamisi Bwana Shangwe alikuja. Alilizunguka gari, akapapasa viti, akaliendesha hadi juu ya kilima na kurudi, na aliposhuka alikuwa akimeza mate. Sikio, kwa furaha, alikuwa amefungua boneti tena ili aonekane akifanya kazi, akachafuka mikono mpaka viwiko. Mjane akamwonyesha bomba la nyuma ya nyumba. "Kanawe, mwanangu. Sabuni iko kwenye karo. Usugue vizuri."

Alisugua vizuri. Aliporudi, Bwana Shangwe na mjane walikuwa wamesimama kando ya gari, wakizungumza habari za mvua.

"Jumamosi saa nne ukumbini, pale kilimani," Bwana Shangwe alimwambia Sikio akimpiga begani. "Kuna harusi kubwa. Usichelewe."

"Na chumba?"

"Chumba kipo," Bwana Shangwe alisema, na hilo lilikuwa kweli. Chumba kilikuwapo.

Jumamosi asubuhi Sikio alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe na kufika kwa mjane na bahasha mkononi na karatasi mfukoni. Mlango ulikuwa umefungwa na gari halikuwapo. Mwenye duka alichungulia.

"Ametoka nalo tangu alfajiri. Limefungwa maua."

"Maua ya nini?"

"Ya harusi. Wewe si fundi wake? Sikujua kama hujaalikwa."

Sikio alirukia pikapu. Barabara ya ukumbini ilikuwa na mwinuko mmoja mrefu, na pikapu iliufikia ikiwa tayari inapanda na kushuka. Ilivuta, ikaachia. Ilivuta, ikaachia zaidi. Aliikanyagia mafuta, ikakohoa. Katikati ya mwinuko, mahali ambapo barabara ni nyembamba kuliko kote, ikazima.

Alikaa akishika usukani, na kisha, tumpe haki yake, alifikiri haraka. Yule mama amejua. Amejua mchezo wa kifuniko, na amenichezea kwenye pikapu yangu. Wazo hilo lilimkasirisha, lakini pia lilimtuliza, maana ugonjwa huu aliujua na dawa yake aliijua. Alishuka, akazunguka nyuma, akashika kifuniko cha tangi, akakizungusha. Na kwa mazoea ya miaka, akakohoa kwa nguvu.

Hakukuwa na mlio wowote wa kufunikwa na kikohozi. Kifuniko kilikuwa chake mwenyewe, kikavu, tundu wazi. Akakifunga, akakifungua tena, akakohoa tena. Tangi lilikuwa likipumua vizuri kuliko yeye.

Honi zikaanza kulia chini ya mwinuko. Msafara wa harusi ulikuwa ukipanda, na mbele yake gari jeupe, limefungwa maua, linakuja bila kutingisha hata petali moja. Lilisimama nyuma ya pikapu kwa sababu halikuwa na pa kupita. Mjane alikuwa kwenye usukani na miwani yake ya uzi. Kando yake alikaa Bwana Shangwe. Nyuma walikuwamo maharusi, wakichungulia nani amewazibia njia.

Mjane alishuka.

"Shikamoo, mama," Sikio alisema, kwa sababu mdomo ulikuwa haujapata kingine cha kusema.

"Marahaba, mwanangu. Limezima?"

"Mama, tuna karatasi. Ni Jumamosi. Gari ni langu na pesa hizi hapa." Akaigeukia sura ya Bwana Shangwe iliyokuwa dirishani. "Bosi, mwambie. Tuna karatasi ina shahidi."

"Hebu nione," Bwana Shangwe alisema, akanyoosha mkono, akaisoma kwa sauti ya kutosha watu wa magari ya nyuma. "'Gari bovu lisilotembea.' Hili nililokalia linatembea, kijana. 'Kabureta na pampu nimempa mama huyu bure kwa moyo wangu.' Hongera kwa moyo wako."

"Lakini tulikubaliana, bosi. Chumba..."

"Tulikubaliana uniletee gari. Gari limejileta, tena na dereva wake ndani. Kwenye kile chumba mama anataka kuweka cherehani." Bwana Shangwe hakuwa na haya yoyote usoni. Alikuwa amefanya hesabu ndogo ya kumwondoa mtu wa kati, kama alivyofanya maisha yake yote.

Sikio alimgeukia mjane. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ulijuaje?"

"Miaka thelathini na moja nimeshika pampu kwenye kituo cha mafuta, mwanangu. Mafundi mnayajua magari kwa mbele. Sisi tunayajua kwa nyuma. Kifuniko kilichozibwa ukikifungua kinavuta pumzi, na wewe unakikoholea. Halafu kinanuka sabuni. Sijawahi kuona tangi linalooga." Alipangusa miwani kwa kona ya kitenge. "Vifuniko ninavyo kikapu kizima, watu huvisahau pampuni. Jioni ileile nilikitoa chako. Kila nilipokuita nilikuwa nakirudisha, ili usijisikie vibaya."

"Lakini Jumatano gari lilikuwa linaumwa kweli."

"Kabureta. Ilikuwa imekwisha tangu mume wangu yuko hai. Hazitengenezwi tena, nimezunguka miaka minne naitafuta. Siku ile ukasimama mbele yangu na pikapu hii, ukaniambia haijawahi kukuangusha." Aliigonga pikapu kidogo kwa vidole, kwa upole. "Nikasema, basi ameniletea mwenyewe."

Watu wa msafara walikuwa wameshuka. Bwana harusi akavua koti, wengine wakakunja mikono ya mashati, wakaisukuma pikapu mpaka ukingoni kama wanaosogeza kabati. Sikio alisukuma pia, maana ilikuwa mali yake yote aliyobaki nayo, na ndani yake kulikuwa na blanketi na mswaki. Aliona aibu kama hajawahi kuona, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kumwonea huruma. Harusi ilikuwa imechelewa.

Mjane alirudi kwenye usukani. Kabla hajaondoka aliteremsha kioo, akamrudishia karatasi.

"Itunze," alisema. "Imeandikwa vizuri. Gari bovu lisilotembea ukilitaka, ni hilo hapo. Tena hutalipa kitu."

Gari jeupe likapanda mwinuko kimya, likafuatwa na mengine, vumbi likatua. Watoto waliokuwa wakicheza kando ya barabara walisogea, na nyuma yao wakaja watu wazima watatu wanne wasio na kazi, wakaunda nusu duara mbele ya boneti. Mmoja akakiona kile kipimo shingoni mwa Sikio.

"Daktari," alisema, "inaumwa nini?"

Sikio alifungua boneti. Akapachika kipimo masikioni, akaweka kisahani juu ya kabureta ya mjane, akafumba macho na kuinua kidole. Wote wakanyamaza. Injini ilikuwa imezima na haikuwa na la kusema, lakini alikaa hivyo akisikiliza kwa muda mrefu sana, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.